Mtoto akianguka chuo kikuu, tufanye nini?

Kila mwaka matokeo ya vyuo yakitoka, kuna mama kati yetu anayeacha kuja mkutanoni juma moja, mawili, hata matatu. Si mgonjwa. Ni haya inayomfungia nyumbani. Mtoto wake ameanguka chuo kikuu, na hajui atawaambia nini watu waliomwona akiuza ng'ombe ili mtoto asome.

Juma hili tunaongea juu ya jambo hilo. Lilimfikia mmoja wetu hapa Kirolirwe, na ametupa ruhusa ya kulieleza bila kutaja jina lake.

Binti yake alimaliza sekondari upande wa pedagojia. Alipopata diploma ya Serikali jamaa yote ilifurahi, na baba yake akasema: "Huyu atakuwa daktari wetu." Wakauza ng'ombe mmoja, binti akashuka Goma kuanza masomo ya udaktari. Mwaka wa kwanza akaanguka. Wakasema ni bahati mbaya, arudilie. Akarudilia, akaanguka tena. Ng'ombe aliyebaki ni mmoja, naye ndiye anayewapa wadogo zake maziwa. Je, auzwe ili binti ajaribu udaktari katika chuo kikuu kingine? Au binti aache chuo kikuu, aingie institi?

Tulikwenda kukaa na mama huyo nyumbani kwake. Kila mmoja alikuwa na neno lake. Mwenzetu mmoja alisema institi ni ya walioshindwa. Mwingine akasema heri binti arudi nyumbani, aolewe. Tuliongea muda mrefu kabla hatujakumbuka kwamba mwenyewe yuko jikoni, na hakuna aliyemwuliza kitu. Tukamwita.

"Mama zangu," alisema, "sikuwa mvivu. Wenzangu walisoma biolojia na kemia sekondari miaka mingi. Mimi nilisoma pedagojia. Mwalimu akianza somo, wao wanakumbuka, mimi ndiyo mara ya kwanza kusikia."

Tukamwuliza kama udaktari aliuchagua mwenyewe. Akainama. "Ni baba aliyeuchagua. Lakini kazi ya wagonjwa naipenda, zaidi kusaidia wamama wanaozaa."

Siku ile tulijifunza jambo ambalo tunataka kila mama alishike: kabla ya kuamua mtoto abaki au aondoke, tujue kwanza kwa nini alianguka.

Sababu si moja. Wako wanaoanguka kwa sababu msingi wa sekondari haulingani na masomo waliyochagua, kama binti huyu. Huyo hata akirudilia, ukuta ni uleule. Wako wanaoanguka kwa sababu ya vita na njaa. Mwanzoni mwa mwaka 2023, vita vilipofika Kitshanga, jamaa nyingi za Masisi zilikimbia, na mtoto aliyekuwa Goma alikosa minervali, chakula na usingizi. Huyo akili yake ni nzima. Anahitaji msaada ili amalize alichoanza, na kumwondoa ni kumpa hasara mara mbili. Wako waliougua, na wako wanaoficha mimba au huzuni. Wako pia waliokwenda kutembea tu mjini. Kila mmoja ana dawa yake, na dawa ya mmoja haimponyi mwingine.

Sasa tuseme juu ya institi, maana wengi wetu tunazidharau bila kuzijua. Katika nchi yetu, institi za juu ziko chini ya wizara moja na vyuo vikuu. ISP inafundisha walimu, ISTM inafundisha kazi za afya, ISC mambo ya biashara, ISDR maendeleo ya vijiji. Tangu mwaka 2021 masomo ya juu yalianza kuingia katika utaratibu mpya wa LMD: lisansi ni miaka 3, kila mwaka una krediti 60, zote pamoja 180. Utaratibu huo ni wa vyuo vikuu na wa institi pia. Kwa hiyo anayeingia institi hajaacha masomo ya juu. Amechagua masomo yaliyo karibu zaidi na kazi ya mikono yake.

Kuna njia ya tatu pia. INPP, iliyoanzishwa na Serikali mwaka 1964, ina tawi Goma. Inafundisha ufundi, kwa muda mfupi kuliko chuo. Kwa kijana ambaye vitabu vimemchosha, hiyo nayo ni njia ya heshima.

Lakini tusidanganyane. Kuhama kuna gharama. Mara nyingi mtoto anaanza tena mwaka wa kwanza, na wenzake wa zamani wanamtangulia. Institi nazo zina mitihani, na wako wanaoanguka huko pia. Ndiyo maana kabla ya kuuza mnyama au kukopa katika AVEC, tunawashauri wamama waulize haya:

Mtoto mwenyewe anasema nini, akiwa peke yake nawe, bila baba na majirani?

Ni masomo gani yaliyomwangusha? Aombe releve ya pointi zake, muisome pamoja. Asiondoke bila karatasi hiyo, maana huko aendako inaweza kuhitajika.

Institi anayoitaka inatambuliwa na Serikali? Krediti alizopata watazikubali?

Gharama ya mwaka ni ngapi, pamoja na nyumba, chakula, vitabu na mafunzo ya kazi? Tutaweza kumlipia miaka yote 3, au mmoja tu?

Akimaliza, kazi hiyo iko wapi? Hapa Masisi wakunga na walimu wanahitajika kila kijiji.

Binti wa mwenzetu alijibu maswali hayo moja moja, pamoja na mama yake. Baba alikuwa mgumu. Alinyamaza siku nyingi, kwa sababu neno "daktari" alikuwa ameshalitangaza sokoni. Mwishoni alimwita binti na kumwuliza: "Huo ukunga, utaumaliza?" Binti akajibu: "Nitajitahidi, baba. Sasa nasoma ninachokitaka." Ng'ombe hakuuzwa. Mama alichukua mkopo mdogo katika AVEC yetu, baba akauza viazi vya msimu, na binti ameanza ISTM. Hatujui kama atafaulu, na yeye hajui. Ila mama yake amerudi mkutanoni, na safari hii aliketi mbele.

Wazee walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mama, kama mtoto wako ameanguka mwaka huu, usijifungie. Njoo tukae pamoja. Na kama ni wa jirani ndiye aliyeanguka, tusiende kwake kuhesabu ng'ombe waliouzwa. Twende kumwuliza mtoto anataka nini.