Kuhamisha Kazi ya Video Bila Kuipoteza



Vikundi vingi vya makanisa yetu hapa Kitale na kule Bungoma siku hizi vinatengeneza video: mafunzo ya kilimo, mahubiri, harusi na mazishi. Kazi hii hujaza diski ya kompyuta upesi, na siku moja ni lazima ihamishwe hadi diski nyingine. Hapo ndipo wengi hupoteza. Sisi pia tulipoteza, na tumeona ni vyema tuwaeleze ili msirudie kosa letu.

Agosti 2022, mwaka wa tohara kwa ndugu zetu Wabukusu, tuliwarekodi wazee wakiwapa vijana mawaidha. Tulianza kuhariri Kitale, kisha tukaamua wenzetu wa Bungoma wamalizie. Kijana wetu akakopi faili ya mradi kwenye flashi, akapanda matatu, akaenda. Huku nyuma, mwenzake akafuta folda za picha ili apate nafasi ya kazi nyingine. Alisema, "Si kazi imeshaenda Bungoma?" Faili ilipofunguliwa kule, majina yote yalikuwepo, lakini mahali pa picha palikuwa pekundu tupu. Kadi za kamera nazo zilikuwa zimesharekodiwa harusi juu yake.

Tohara hiyo hufanyika kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo nyimbo na ngoma tulizirekodi tena 2024. Lakini mmoja wa wazee wale hakuwepo. Alikuwa ameshazikwa, na sauti yake hatunayo.

KOSA LILIKUWA WAPI?

Faili ya mradi haina picha ndani yake. Imebeba maagizo tu: kata hapa, unganisha pale, na anwani ya mahali kila picha ilipo. Ni kama risiti ya mkulima aliyeweka magunia ya mahindi ghalani. Ukibeba risiti mpaka Bungoma, hujabeba mahindi. Na aliyebaki nyuma akiyauza, risiti yako ni karatasi tu.

Tena, hata picha zikiwepo, anwani inaweza kubadilika. Kompyuta za Windows huipa kila diski herufi, kwa mfano E. Ukiichomeka kwenye kompyuta nyingine inaweza kuitwa F, na programu ikitafuta E haioni kitu. Hapo usishtuke. Picha hazijapotea. Premiere Pro itakuuliza ziko wapi. Ionyeshe folda, nayo itaziunganisha upya. Programu nyingine pia zina njia hiyo. Bora tu usibadilishe majina ya faili.

FANYA HIVI

1. Kusanya kwanza. Weka mradi, picha, sauti, muziki na michoro ndani ya folda moja. Muziki uliobaki kwenye folda ya mtu binafsi husahaulika sana. Premiere Pro na Kdenlive (hii ya pili ni ya bure) zinaweza kukukusanyia. Ukitumia DaVinci Resolve, kumbuka mradi hukaa ndani ya hifadhi ya programu yenyewe, kwa hiyo ni lazima uutoe kwanza. Kadi ya kamera ikopi yote ilivyo, usichague faili moja moja.

2. Tayarisha diski. Diski iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja inayozidi gigabaiti 4, na mahojiano marefu hupita hapo. Mfumo wa exFAT hauna kikwazo hicho, nao husomeka kwenye Windows na Mac. Lakini kubadilisha mfumo hufuta kila kitu, kwa hiyo fanya hivyo diski ikiwa tupu.

3. Kopi, usihamishe kwa kukata. Stima ikipotea katikati, cha kwanza bado unacho. Tumia laptopi yenye betri iliyojaa. Kwa USB 2, gigabaiti 100 huchukua karibu saa moja au zaidi, basi usianze wakati matatu inapiga honi.

4. Hakikisha. Linganisha idadi ya faili na ukubwa wa folda pande zote mbili. Kisha chomoa diski ya zamani, ufungue mradi kutoka ile mpya na uutazame mwanzo hadi mwisho. Usipochomoa, programu inaweza kuwa inasoma kule kwa zamani, nawe ukadanganyika. Kama picha za kwanza zimo ndani ya kompyuta yenyewe, jaribu mradi kwenye kompyuta nyingine.

5. Weka nakala tatu. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, alifundisha kanuni rahisi: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 ikae mahali pengine. Sisi nakala ya tatu hukaa kwa wenzetu wa Bungoma. Mwizi au moto hauwezi kufika kote siku moja.

6. Mwisho kabisa, futa. Na asifute mtu mmoja peke yake. Kwetu sasa wawili hutazama pamoja, kisha huandika kwenye daftari tarehe na majina yao.

Ukifuta kwa bahati mbaya, acha kuitumia diski hiyo mara moja na uipeleke kwa fundi. Pengine ataokoa kitu. Sisi tulikuwa tumeshajaza kazi nyingine juu yake.

Bwana Yesu alipowalisha watu elfu tano, aliwaambia wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki ili kisipotee chochote. Mkutanapo katika kikundi chenu wiki hii, ulizaneni: je, sauti za wazee wetu ziko kwenye diski ngapi? Kama jibu ni moja, anzeni leo.

Mungu awabariki.