Mshipa Mkuu wa Damu Unapovimba Karibu na Figo

Damu inayotoka moyoni kwenda mwilini hupita katika mshipa mkuu uitwao aota. Mshipa huu hushuka hadi tumboni, na hapo hutoa matawi yanayopeleka damu kwenye figo. Upana wake wa kawaida tumboni ni kama sentimita 2. Ukuta wake ukidhoofika, hutanuka kama tyubu ya baiskeli iliyochakaa. Ukifikia sentimita 3 huhesabiwa kuwa umevimba.

Wagonjwa wengi hawasikii maumivu. Hatari ni kupasuka, kwani wengi hufariki kabla ya kufika hospitali. Hivyo mwanamume mwenye uvimbe wa sentimita 5.5, au mwanamke mwenye sentimita 5, kwa kawaida hushauriwa kuhusu upasuaji.

Kwa nini figo ni muhimu?

Mwaka 1951 huko Paris, Dkt. Charles Dubost aliondoa uvimbe wa aina hii na kuunga mshipa wa mtu aliyefariki. Siku hizi hushonwa mrija wa kitambaa maalumu. Wakati wa kushona, daktari huibana aota kwa muda. Uvimbe ukiwa chini ya matawi ya figo, hubana chini yake na figo huendelea kupata damu. Lakini uvimbe ukiyafikia matawi hayo, hulazimika kubana juu yake. Figo hukosa damu, na daktari hujitahidi kumaliza sehemu hiyo ndani ya nusu saa hivi. Akichelewa, figo zinaweza kuumia hata mgonjwa akahitaji mashine ya kusafisha damu. Ndiyo maana figo hupimwa kwanza.

Njia nyingine ni kupitisha mrija ndani ya mshipa kuanzia kwenye kinena, bila kupasua tumbo. Mrija wa kawaida ungeziba matawi ya figo, kwa hiyo hutumika wenye matundu yanayolingana nayo. Mara nyingi hutengenezwa kwa vipimo vya mgonjwa mwenyewe, na baadaye lazima achunguzwe mara kwa mara.

Tufanye nini?

Tuache sigara, maana ndiyo kichocheo kikubwa. Mwanamume wa miaka 65 na zaidi aliyewahi kuvuta, au mwenye ndugu wa damu aliyeugua, amwombe daktari kipimo cha altrasaundi. Hakina maumivu. Maumivu makali ya ghafla ya tumbo au mgongo, pamoja na kuzimia, yasisubiri asubuhi: mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.