Hakuna Ngoma ya Bure Usambara

Kila likizo za Juni na Desemba zikikaribia, watu wa Dar es Salaam wanapoanza kupanga kupanda Lushoto kukimbia joto, swali huja lile lile: "Tutaipata wapi ngoma halisi ya Kisambaa, si hii ya kulipia?" Nimelijibu kwa upole muda mrefu. Leo nalijibu bila upole: swali lenyewe ni bovu. Anayeliuliza amekwisha kuamini mambo mawili. La kwanza, kwamba ipo ngoma safi iliyojificha kijijini, mbali na lami. La pili, kwamba pesa ikishatolewa ngoma imekufa. Yote mawili ni uzushi, na la pili ndilo linaloharibu safari za watu.

Hicho kijiji kisichoguswa kiko wapi? Nikiuliza, natajiwa Mtae, kwa kuwa kimekaa ukingoni kabisa mwa milima, au Mlalo. Mlalo! Wamisionari Wajerumani wa Bethel waliweka makao yao pale mwaka 1891. Kabla yao, mmisionari Krapf alikwisha kufika Vuga, makao ya ufalme wa Wasambaa, mwaka 1848 na akarudi 1852, akamkuta Kimweri ye Nyumbai, mfalme ambaye mkono wake ulifika hadi pwani. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na mashamba ya mkonge huko tambarare yakakusanya vibarua wa kila kabila, kila mmoja na ngoma yake. Kijana wa mlimani akishuka kutafuta kibarua, alirudi na nguo mpya na mdundo mpya. Beni, ile ngoma ya gwaride iliyozaliwa pwani, ilisambaa bara kwa njia hizo hizo. Anayetafuta ngoma ambayo haijakutana na mgeni amechelewa kwa karne kadhaa.

Tena usiwalaumu watalii kwa ile ngoma ya dakika ishirini inayochezwa kwenye nyasi za hoteli. Uhuru ulipopatikana, Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962. Kikundi cha ngoma cha taifa kikafuata katika miaka ile ile ya 1960, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikafunguliwa. Kazi nyingi nzuri ilifanyika. Lakini ni katika sherehe za kitaifa ndipo ngoma ya usiku kucha ilipofundishwa kusimama kwenye mstari, kutabasamu kwa pamoja na kumaliza kabla hotuba haijaanza. Aliyeifupisha si Mzungu mwenye kamera. Tuliifupisha wenyewe, tukimpokea waziri.

Sasa pesa. Nitajieni ngoma moja ya mkoa wa Tanga iliyowahi kuchezwa bure. Ya harusini? Mwenye shughuli huwalisha wapigaji, huwapa nauli na huweka kitu mkononi mwa kiongozi wao. Ya mganga? Hiyo ndiyo ghali kuliko zote. Kabla ya noti kulikuwa na kuku, nafaka na pombe ya miwa. Shukeni hadi Tanga mjini mkatazame taarabu, mtaona mama akiinuka katikati ya wimbo, anakwenda mbele taratibu, noti imeinuliwa juu, anaiweka mkononi mwa mwimbaji, anageuka kumtazama mtu fulani ukumbini. Amechagua ubeti wa kuinukia. Noti ile imesema, na aliyelengwa amesikia. Mtafiti Kelly Askew, aliyefanya utafiti Tanga na kuandika kitabu cha Performing the Nation kilichotoka mwaka 2002, aliupa utunzaji huu uzito kwa sababu aliona ni sehemu ya muziki wenyewe. Wasiouona ni sisi tunaojidai wenye utamaduni.

Na ugonjwa huu wa kudhani pesa inaua ngoma si wetu peke yetu. Mwaka 1922 mjini Granada, mtunzi Manuel de Falla na mshairi kijana Federico García Lorca walisaidia kuandaa shindano la uimbaji wa flamenko, wakawafungia mlango wasanii wa kulipwa. Hoja yao ilikuwa kwamba pesa za kumbi zimeuchafua wimbo. Walisahau kwamba katika karne ya 19 flamenko ilikua na kupata umbo lake ndani ya migahawa ya muziki ya Sevilla na miji mingine, mbele ya wateja waliolipa. Mmoja wa washindi alikuwa mvulana, Manolo Caracol. Alikuja kuwa msanii mkubwa wa kulipwa, na mwaka 1963 akafungua ukumbi wake mwenyewe Madrid, wenye kiingilio. Lakini hadi leo mgeni akifika Sevilla huuliza kilekile: wapi flamenko halisi, isiyo ya watalii?

Basi kinachoiua ngoma ni nini? Ni mtazamaji bubu. Ngoma inajengwa kwa kuitikia: kiongozi anatupa mstari, watu wanaupokea, mpigaji anasikia kupokelewa huko ndipo anaongeza kasi. Safu ya wageni walioinua simu mbele ya nyuso haipokei chochote. Wachezaji si wajinga. Wakiona hawaitikiwi, wanamaliza walicholipwa na kwenda zao, halafu mgeni anaondoka akisema, "Niliwaambia, ni ya kulipia." Hapana, ndugu yangu. Ulipewa kile ulichokiitikia.

Nitoe mfano mmoja mdogo wa mtazamaji asiyesikiliza. Milima hii ina ukungu, hasa Juni na Julai, na unyevu hulegeza ngozi ya ngoma. Kwa hiyo mpigaji huwasha majani makavu, huinamisha ngoma yake karibu na moto, anaipiga kwa ncha za vidole, anasikiliza, anairudisha motoni. Katikati ya shughuli ngozi ikilegea tena, anatoka na kurudia. Wageni wasio na subira huita hali hii "kuchelewa" na kuniandikia malalamiko. Anaitafuta sauti! Mpiga gitaa akikaza nyuzi mbona hamlalamiki?

Kama mnataka kielelezo cha mgeni mwema, milima hii inacho. Kitabu cha Habari za Wakilindi, alichokiandika Abdallah bin Hemedi, kinamsimulia Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu. Aliingia Usambara akigawa nyama, wenyeji wakampa vyakula vya shambani, na mwishowe wakamfanya mfalme. Wakilindi, ukoo wa kifalme wa Wasambaa, walianza na mgeni aliyejua kufika mahali na kitu mkononi. Ninyi hamtafanywa wafalme, lakini kanuni ni hiyo hiyo.

Ya kufanya, kwa ufupi, maana nafasi imekwisha. Pandeni Lushoto kutoka Mombo kupitia Soni, ni kama kilomita 33. Epukeni masika kama mnakwenda Mtae. Tafuteni mwongozaji mwenye kitambulisho, mwambieni siku kadhaa kabla kwamba mnataka mdumange, ngoma ya Kisambaa, wala msimwambie saa nne asubuhi kwa ajili ya saa sita. Mkubaliane malipo na kiongozi wa kikundi mwenyewe, mlipe yeye. Wekeni noti ndogondogo za kutunza. Jifunzeni kiitikio kimoja kabla ya kuanza. Mkivutwa kucheza, chezeni. Kuhusu picha, ombeni ruhusa, pigeni chache, wekeni simu mfukoni. Harusini nendeni mkialikwa, na mchango juu. Jando, unyago na ngoma za uganga si maonyesho, kaeni mbali. Msiombe watu wavae majani na ngozi. Kanga, kibwebwe na njuga ndizo nguo zao. Jumapili ingieni kanisani mkasikie kwaya, msimu wa maulidi sikilizeni dufu: huo nao ni muziki wa Usambara, hata kama haumo kwenye kipeperushi chenu. Waliobakiwa na muda washuke Tanga kwa taarabu.

Na kama huna hata saa moja ya kukaa na watu, nenda Irente ukatazame bonde. Bonde halidai uitikie.