Krem ya jua: nani anaihitaji hapa Lusenda, na namna ya kuichagua

Simama saa sita kwenye mchanga wa Lusenda, pale wamama wanaanika ndakala, utaona kivuli chako kimejikusanya chini ya miguu. Tuko karibu digrii 4 tu kusini ya ikweta, na jua linatupiga kutoka juu kabisa mwaka mzima. Lakini ukitaja krem ya jua, jibu linakuja mbio: « Ile ni ya bazungu. »

Jibu hilo ni kweli nusu. Ngozi nyeusi ina rangi yake ya asili, melanini, ambayo inafanya kazi ya mwavuli. Watafiti waliwahi kuipima wakaona kwamba inazuia miale ya jua karibu sawa na krem ya namba 13. Ndiyo maana saratani ya ngozi inayoletwa na jua ni ya nadra kwa watu weusi. Mvuvi ao mama wa shamba mwenye ngozi nyeusi, kama ana franka chache, anunue kwanza kofia pana. Hiyo ndiyo maoni yetu.

Nusu ya pili ni kuhusu ndugu zetu albino, wale wengine wanaita ndundu. Wao hawana ule mwavuli. Kwao jua linaunguza tangu utoto, ngozi inakauka, inapasuka, inaleta mabaka na vidonda midomoni, masikioni na shingoni, kisha saratani inaingia wangali vijana. Kwa Tanzania inakadiriwa kwamba mtu mmoja kwa kila 1,400 ni albino, wakati Ulaya ni mmoja kwa karibu 17,000 mpaka 20,000. Kwa hiyo si jambo la mbali. Kwa mtoto albino, krem ya jua si urembo. Ni dawa, sawa na vile mgonjwa wa sukari ana dawa yake.

Majirani wetu Watanzania walielewa hivyo. Huko Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kiwanda kidogo kinachotengeneza krem inayoitwa KiliSun kwa ajili ya albino. Ilianzishwa na mfamasia mmoja kutoka Hispania, Mafalda Soto, na inagawiwa bure kwenye kliniki, pamoja na mafundisho ya namna ya kuipakaa. Jambo la mafundisho ni kubwa kuliko mtu anavyofikiri, maana krem iliyopakwa vibaya ni kama haipo.

Sasa, ukifika farmasi ao sokoni Baraka, usidanganywe na picha ya jua kwenye kopo. Pomada ya kulainisha ngozi si krem ya jua. Tafuta maneno crème solaire ao écran solaire, na namba kando ya herufi SPF, FPS ao IP. Namba 15 inazuia karibu miale 93 kwa 100 ya ile inayounguza, namba 30 inazuia 97, namba 50 inazuia 98. Unaona kwamba kutoka 30 kwenda 50 hakuna tofauti kubwa; kwa albino usishuke chini ya 30. Tafuta pia herufi UVA, kwa sababu miale hiyo haiunguzi haraka lakini inaingia ndani zaidi. Angalia tarehe ya mwisho. Ile picha ndogo ya kopo lililofunguliwa, yenye 6M ao 12M, inahesabu miezi tangu siku ulipoifungua.

Jihazari na krem za kung'arisha ngozi. Nyingi zina hidrokwinoni, na zingine zina zebaki, ambayo ni sumu kwa figo. Zinaondoa melanini, yaani unalipa pesa ili kutoboa mwavuli uliozaliwa nao, halafu unatoka juani. Na kama umepewa dawa ya doksisiklini, ujue inafanya ngozi iungue upesi, hata ngozi nyeusi. Siku hizo kaa kivulini.

Namna ya kupakaa: chora mistari miwili ya krem kwenye vidole viwili, kutoka ncha mpaka mwanzo wa kidole. Hicho ndicho kipimo cha uso na shingo. Usisahau masikio, kisogo na mgongo wa mikono. Pakaa robo saa ao nusu saa kabla ya kutoka, rudilia kila saa mbili, na tena ukitoka ziwani ao ukitoka jasho sana. Mawingu yasikudanganye, miale inapita. Mchanga mweupe nao unairudisha usoni kutoka chini.

Hapa ndipo shida ya pesa inajionyesha. Tube ya mililita 50, ikipakwa uso na shingo tu mara mbili kwa siku, inaisha kwa wiki mbili hivi. Familia inayotumia tube moja mwaka mzima haijalinda mtu. Kwa hiyo nguo ndizo zibebe kazi kubwa, na krem ibaki kwa sehemu ambazo nguo haifiki. Shati la mikono mirefu kutoka chaguwa linatosha: linyooshe mbele ya mwanga, kama unaona mwanga unapita, jua pia litapita. Kofia iwe na ukingo pande zote. Kasketi inaacha masikio na shingo. Walimu, tunawaomba: mtoto albino aruhusiwe kuvaa mikono mirefu na kofia hata kama uniforme inasema vingine, na akae karibu na ubao, maana macho yake pia hayaoni mbali.

Mtoto asiye na miezi sita asipakwe krem, afichwe kivulini tu. Na mtu asiye na saa atazame kivuli chake: kikiwa kifupi kuliko yeye, jua ni kali. Kwa kawaida ni tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa.

Krem isilale chini ya bashi lenye joto. Iweke kando ya bido la maji. Mzazi wa mtoto albino kambini aombe aandikwe kwenye orodha ya watu wenye mahitaji ya pekee, na aulize krem kwenye kituo cha afya kila mara anapopita, hata kama jana walimwambia hakuna. Kidonda kwenye ngozi ya albino ambacho hakijapona kwa mwezi mmoja kisifunikwe na majani. Kipelekwe kituoni, kisha hospitali ya Nundu ao Baraka, wakati bado ni kidogo na kinaweza kukatwa kikaisha.