Je, Wajua? Maajabu ya RAM Ambayo Haijaandikwa Kitu

Hujafungua hata WhatsApp, megabaiti 64 zimeshakwenda

Simu yako ya Android inaendeshwa na kerneli ya Linux, ule moyo wa mfumo unaogawa RAM kwa programu zote. Kerneli hukata RAM vipande vya baiti 4,096 viitwavyo kurasa, na kila ukurasa una rekodi yake: uko kanda gani, unatumiwa na wangapi, umefungwa au la. Ni kama gesti yenye kadi ya kila chumba pale mapokezi, hata vyumba ambamo hamjalala mtu. Rekodi moja kwa kawaida ni baiti 64 tu, lakini simu ya gigabaiti 4 ina kurasa 1,048,576. Piga hesabu: megabaiti 64 za rekodi tupu! Ndiyo maana Android 15 ilipoanza kukubali kurasa za kilobaiti 16, mzigo huu pia ulipungua hadi robo kwenye simu zinazozitumia.

Terabaiti moja, rekodi milioni 268

Seva yenye terabaiti 1 ya RAM ina rekodi 268,435,456, na zenyewe zinakula gigabaiti 16, sawa na RAM yote ya laptopu nyingi. Zamani kerneli ilizijaza zote kwa kutumia prosesa moja, huku nyingine zikisubiri. Toleo la 4.2 la mwaka 2015 lilileta ujanja: jaza chache za kuanzia, nyingine zigawanywe zijazwe kwa pamoja baadaye kidogo. Mashine kubwa zikaanza kuwaka haraka zaidi, ila likazaliwa swali tamu: je, itakuwaje sehemu ya kerneli ikisoma rekodi ambayo zamu yake ya kujazwa haijafika?

Sifuri ni mwongo hatari kuliko takataka

Hapa ndipo ninapopapenda. Ungedhani rekodi ambayo haijajazwa iwekwe sifuri tupu, mambo yaishe. Tatizo ni kwamba sifuri ni jibu halali kabisa! Kwenye kompyuta za kawaida za Intel na AMD, kanda namba 0 ni zile megabaiti 16 za mwanzo wa RAM, zilizotengwa kwa ajili ya vifaa vya kizamani visivyoweza kufika mbali zaidi. Kwa hiyo rekodi yenye sifuri, hata ikiwa ya ukurasa ulio kwenye gigabaiti ya nane, inasema kwa utulivu kabisa kwamba inaishi kule mwanzoni. Kerneli inaamini, inaendelea na kazi, na kosa linakuja kulipuka mahali pengine kabisa.

Dawa yake ni kinyume cha ulivyotarajia. Kerneli ikiwa katika hali ya kusaka makosa, rekodi ambazo hazijajazwa hutiwa "sumu": kila biti inawekwa 1, yaani kila baiti inakuwa 255. Rekodi ya namna hiyo inadai kuwa na alama zote kwa wakati mmoja, jambo ambalo hakuna ukurasa wa kweli unaoliweza. Atakayeigusa kabla ya wakati ananaswa palepale. Uongo wa wazi namna hii ni rahisi kuukamata.

Kuna rekodi za RAM isiyokuwepo

Naam, isiyokuwepo! Kwenye kompyuta nyingi, Linux hupanga rekodi kwa mafungu ya megabaiti 128, na kila fungu hupewa rekodi 32,768 hata kama katikati yake kuna shimo lisilo na RAM. Rekodi za mashimo hayo zilikuwa zikiachwa na majibu ya uongo ya kanda 0, na kerneli ikaanguka kwa sababu yake. Mwaka 2021 zikarekebishwa zibebe kanda inayolingana na majirani zao.

Takataka zinazosomeka Kichina

Zana za Microsoft, wakati wa kusaka makosa, hujaza vigeu ambavyo havijapewa thamani kwa baiti CC. Baiti mbili za CC, ukizisoma kwa mfumo wa maandishi wa GBK wa China, ni herufi 烫, yaani kuunguza. Mwanafunzi wa Kichina anayesahau kujaza kigeu chake hujikuta anasoma "unguza, unguza, unguza" kwenye skrini. Linux nayo, ikiwa katika hali ya kusaka makosa, hujaza vitu vilivyokwisha kuachiliwa kwa baiti 6B, ambayo ni herufi k. Ukiona k mfululizo kwenye ripoti ya ajali, kuna aliyegusa kitu kilichokwisha kurudishwa.

Usafi uliovunja kufuli

Mwaka 2006 zana ya kusaka makosa iitwayo Valgrind ililalamika kwamba OpenSSL, programu ya kutengeneza funguo za usimbaji, ndani ya Debian, mfumo unaotumia Linux, inasoma RAM ambayo haijajazwa. Mtunzaji akaondoa mistari iliyolalamikiwa. Kumbe mmojawapo ndio uliokuwa ukiingiza bahati nasibu halisi! Ikabaki namba ya mchakato peke yake, isiyozidi 32,768, kwa hiyo funguo zote ziliweza kukisiwa moja baada ya nyingine. Kosa likatangazwa Mei 2008, na wenye seva walioathirika duniani kote wakalazimika kutengeneza funguo upya.

Ukizima umeme, RAM haisahau papo hapo

Mwaka huohuo wa 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha kwamba RAM hushika yaliyomo kwa sekunde, hata dakika, baada ya umeme kukatika. Walipoipuliza kwa kopo la hewa ya kusafishia vumbi, likiwa limegeuzwa juu chini, ikapoa hadi nyuzi 50 chini ya sifuri. Dakika 10 bila umeme, na chini ya asilimia 1 ya biti ndizo zilizoharibika. Funguo za usimbaji wa diski zilisomwa humohumo. Basi ukiwa na siri kwenye laptopu na unasafiri nayo, usiifunike tu ikalala: izime kabisa, na uizime mapema kabla hujatoka.