Alizeti pori nayo tuipe jembe

Ukiteremka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay masika yanapoisha, utaona kando ya barabara maua ya manjano yanayofanana na alizeti. Wengi huuita mmea huo alizeti pori. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Kwetu ni mgeni.

Kwa nini unapenda barabara? Ukingo ukichimbwa udongo hubaki wazi, nao huwahi kabla ya mimea mingine. Mbegu zake ni nyingi na nyepesi, na hata kipande cha shina kikitupwa penye unyevu huchipua. Anayeufyeka na kuutupa mtaroni huwa amepanda mwingine.

Mimi sisemi tuusifu tu kwa uzuri wake. Ukiachwa huingia mashambani na kusonga malisho. Lakini majani yake mabichi yana naitrojeni na potasiamu kwa wingi, na huoza upesi. Magharibi mwa Kenya, utafiti wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba yakifukiwa shambani huongeza mavuno ya mahindi. Wamatengo hawahitaji kufundishwa kazi hiyo. Ngoro zao hufukia nyasi tangu zamani.

Basi, mkulima aliyeshindwa na bei ya mbolea ya dukani aukate kabla haujatoa mbegu, afukie majani na matawi laini, mashina ayaanike yawe kuni. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huyu amekaa miaka mingi mno bila kazi.