Kadi ya Mgonjwa na Vineno Viwili

Mwenzetu kazini akilazwa, kundi la WhatsApp hujaa salamu kabla hata haijajulikana anaumwa nini. Nyingi huja kwa Kiingereza, tena kwa maneno yaleyale: "Wish you quick recovery." Mgonjwa anaelewa na kushukuru. Ila anayeandika kadi ya ofisi, au barua kwa mteja, ajue sentensi hiyo imeangusha kitu njiani. Mwingereza angeandika: "We wish you a speedy recovery."

Kinachotuponyoka ni hicho kijineno "a". Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo. Tunasema "nakutakia nafuu ya haraka" na mambo yameisha. Kwa Kiingereza, kupona anakotakiwa mgonjwa huyu huhesabiwa kuwa jambo moja, lake mwenyewe, na likipewa sifa kama "speedy" au "full" hutanguliwa na "a". Kupona kukitajwa kwa ujumla tu, kijineno hakihitajiki: "on the road to recovery". Kuhusu "quick", si kosa. Ni mazoea tu kwamba salamu hizi hupendelea "speedy".

Kosa zito liko kwenye kitenzi. Sisi husema "amepona malaria", ugonjwa ukikaa papo hapo baada ya kitenzi. Anayefikiri hivyo huandika "He has recovered malaria", na maana inapinduka: mtu alikuwa na malaria yake, ikampotea, sasa ameipata tena! Maana "recover", lililotoka kwenye Kilatini "recuperare" kupitia Kifaransa cha kale, ni kukipata tena kilichopotea. Ndiyo sababu kitenzi hichohicho hutumika kwa polisi waliolipata gari lililoibwa, na kwa benki iliyofuatilia deni hadi likalipwa. Mgonjwa naye kinachomrudia ni afya. Malaria ni kule anakotoka, kwa hiyo "from" haikwepeki: "He has recovered from malaria."

Tena neno letu "kupona" lina upana ambao "recover" halina. Mtu akitoka kwenye basi lililopinduka bila hata mchubuko, tunasema amepona. Kwa Kiingereza huyo "survived the accident", na "survive", kwa kiroja chake, hapo haitaki "from" hata kidogo. Ukiandika "recovered from the accident", msomaji ataelewa kwamba aliumia, akauguza majeraha, kisha akapata nafuu. Kwenye salamu hilo litapita. Kwenye fomu ya madai ya bima, umeandika habari nyingine kabisa.

Na kama mgonjwa mwenyewe ni Mswahili mwenzako, mwandikie "Ugua pole." Hiyo haidai "a" wala "from".